Dawati la Sijaona

"Paukwa!"

"Pakawa!" wakaitikia watoto kwa kelele za kupasua bati.

Taa ikabaki nyeupe.

Nikarudia. Wakaitikia tena, safari hii Mbaruku akalipiga na dawati kofi. Taa nyeupe vile vile. Mimi nikajua, na wao wakajua, na vichwa vyote vya Darasa la Nne vikageuka kumtazama Mwantumu, ambaye alikuwa ameinamia kidole gumba chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

"Huyu huyu kila siku!" akasema Mbaruku. "Mwalimu, si ahamishwe tu? Tangu aje hatujapata hadithi hata moja."

"Mbaruku, nitakuhamisha wewe, nikupeleke ukasome na mbuzi wa mwalimu mkuu. Kaa chini."

Wakacheka. Mwantumu hakucheka.

Kama hujawahi kufundisha kwenye shule zetu za Mji wa Juu, ngoja nikueleze, maana bila hilo hutaelewa kitu. Mkoleza ni chombo kidogo tu, kinaning'inia juu ya ubao kama mfuniko wa sufuria uliosahauliwa ukutani. Unasikiliza, na unakoleza. Ukisema jambo chini yake, mtoto halisikii tu, linamwingia. Mfundishe leo safari ya maji, kesho atakusimulia baridi aliyoipata alipokuwa wingu. Ndiyo maana watoto wetu wanafaulu, mtu asikudanganye kwamba ni uji wa asubuhi.

Lakini mkoleza una taa mbili. Chini ya taa nyeupe ni somo: mtoto atalikumbuka jambo kama kitu alichokishuhudia kwa macho yake. Chini ya taa ya njano ni hadithi: utamu ni ule ule, ila moyoni mtoto anajua kwamba ni uongo, kama sisi tulivyojua zamani kwamba sungura hasemi. Na waliouunda mkoleza, Mungu awape heri kwa hili moja, waliweka sharti. Taa haigeuki njano mpaka msimulizi aseme paukwa, na kila mwenye pumzi aliyemo chumbani aitikie pakawa kwa sauti yake mwenyewe. Asidanganywe mtu ambaye hajakubali kudanganywa.

Sasa, Mwantumu alikuwa haitikii, kwa sababu Mwantumu alikuwa hasemi. Kwao ni mitaa ya chini iliyoliwa na bahari. Shangazi yake alipomleta shuleni alinivuta pembeni akaniambia kwa ufupi: maji yalipokuwa yanakuja, mama wa mtoto alirudi ndani kuchukua kitu, hakutoka. Tangu siku hiyo mtoto amefunga mdomo.

Na mimi jina langu ni Semeni. Ndiyo, Semeni, hivyo hivyo. Watoto walishachoka kunitania nalo, "Mwalimu Semeni, tuseme nini?" Mwantumu peke yake ndiye aliyekuwa hanitanii, na yeye ndiye niliyetamani anitanie.

Utaniuliza kwa nini sikuwatoa nje nikawasimulia kwa mdomo mtupu. Niliwatoa. Walipiga miayo mpaka nikaona magego. Mtoto aliyezoea hadithi iliyokolezwa, ya mdomo mtupu kwake ni chai isiyo na sukari. Na kuuzima mkoleza saa za masomo hakuruhusiwi, ufunguo wenyewe hatupewi.

Hivyo darasa langu lilikaa bila hadithi, na darasa bila hadithi linaingiwa na ubaya, nakuambia mimi niliyezeekea humo. Walianza kwa kumnunia. Kisha wakalisukuma dawati lake nyuma kabisa na hakuna aliyekubali kukaa naye. Asubuhi moja nikamkuta anafungua mkoba wake taratibu na kumwaga mchanga uliotiwa humo, ngumi kwa ngumi, bila chozi, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

Hapo nikapandwa na hasira. Na mimi nikipandwa na hasira huwa nasimulia.

"Jamani, nina habari," nikasema. Taa ilikuwa nyeupe. Niliiona. "Kuna mwanafunzi mpya anakuja darasani kwetu. Anaitwa Sijaona."

"Hujaona nini, mwalimu?" akauliza Fatina wa dawati la mbele.

"Jina lake hilo, bibie. Sijaona. Amesikia sifa za Mwantumu, kwamba anajua kusikiliza, basi kachagua mwenyewe kukaa naye."

Nilikusudia niishie hapo. Lakini hadithi ikishaanza inakuvuta mkono, na watoto walikuwa wameniinamia kwa njaa ya siku nyingi. Nikawaambia Sijaona amesukwa mabutu, kiatu chake kimoja kina kamba ya buluu. Nikawaambia anapenda machungwa na hali peke yake hata siku moja. Akicheka anaziba mdomo. Niliwaza kesho nitasema ana homa, kesho kutwa nitasema kahama, na kwa siku hizo mbili watamsogelea Mwantumu kumngojea mgeni. Mchezo tu.

Marehemu bibi yangu alikuwa akisema anayesimulia hadithi mchana huota pembe. Nilikuwa nimesimulia mchana maisha yangu yote, na paji langu lilikuwa laini.

*

Asubuhi yake nilikuta dawati la nyuma limefutwa vumbi. Upande mmoja amekaa Mwantumu. Upande wa pili palikuwa na kipande cha chungwa juu ya kipande cha gazeti.

"Cha nani?" nikauliza.

"Cha Sijaona," akajibu Fatina. "Ametoka kidogo, mwalimu, amekwenda kujisaidia. Anarudi."

Nikacheka. Nikacheka peke yangu. Nikawatazama mmoja mmoja nikitafuta wa kunikonyeza, hakuna. Walinisubiri nimalize kucheka, kwa adabu, kama unavyomsubiri mtu mzima amalize kukohoa.

Nikaanza kwenda nyuma. Mwantumu alikuwa amegeukia upande ule mtupu na midomo yake inacheza. Nilipofika karibu nikasikia sauti, nyembamba, yenye mikwaruzo, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu.

"Sogea," alikuwa anamwambia asiyekuwapo, "mwalimu apite."

Niambie, wewe ungefanya nini? Ungemwambia hakuna mtu hapo? Mtoto aliyefunga mdomo tangu bahari imle mamaye, amefungua, na neno lake la kwanza ni la kumpisha mtu njia. Mimi nilisema, "Ahsante, wanangu," kwa wingi, nikapita. Kisha nikaenda nyuma ya jiko la shule nikanawa uso.

Nikaacha siku zipite. Na kwa kweli zilikuwa siku nzuri, nisiseme uongo. Watoto walimsogelea Mwantumu. Mchanga ulikoma. Alikuwa bado haongei na wengine, anaongea na Sijaona tu, kwa kunong'ona. Lakini kila siku mnong'ono ulikuwa unapanda kidogo, na mimi nilikuwa nausikiliza kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto mgonjwa.

Ila kulikuwa na mambo. Sijaona akaanza kuwa na vitu ambavyo sikumpa mimi. Kovu gotini, alilolipata kwa kuanguka Jumatatu. Darasa zima lilinionyesha pale alipoangukia. Woga wa madimbwi: mvua ikinyesha watoto walikuwa wanasimama ukingoni mwa maji, wananyoosha mkono hewani, wanangoja, kisha wanavuka polepole kwa mwendo wa mtu anayemshika mwenziwe. Nikiita majina, baada ya la mwisho wanakaa kimya kidogo. Wanasikiliza. Halafu wanatikisa vichwa kwa pamoja, wameridhika.

Siku moja wakati wa mapumziko nilisimama mlangoni nikiwatazama wasichana wanaruka kamba. Wawili wanazungusha, mmoja anaruka, wengine wanahesabu. Akatoka Fatina, na kamba ikaendelea kuzunguka, tupu, inapiga vumbi. Paa, paa, paa. Wakaendelea kuhesabu kwa furaha, macho yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka. Kisha wote, kwa sekunde moja, hata waliokuwa wameipa kamba mgongo, wakapiga kelele, "Kakosa!" wakacheka. Na kila mmoja aliziba mdomo.

Sisi watu wazima mkoleza hautuingii upesi, ni kama maharage makavu, yanataka moto mrefu. Lakini yanaiva. Jioni moja nilikuwa nyumbani namenya chungwa langu, nikala, na nilipotazama sahani nikaona nimebakiza kipande.

*

Mkoleza hupeleka habari zake ofisini wenyewe. Haukuchukua muda akaja mtu wa mitambo, kijana wa Kipare mpole, akajitambulisha kuwa ni Eliakunda. Alikuwa na sanduku la kijivu na sauti ya mtu aliyezoea kuingia nyumba zenye msiba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Kuna mtu yumo kwenye kumbukumbu za watoto wako, ila kwenye majina ya shule hayumo. Naomba niongee nao kidogo."

Akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye dawati la nyuma, akaweka mkono upande ule mtupu. "Watoto wazuri, hapa anakaa nani?"

"Sijaona," akasema Mbaruku.

"Hujaona. Haya, na wewe, dada?"

"Sijaona," akasema Fatina.

"Na wewe hapo?"

"Sijaona."

Eliakunda akanigeukia na tabasamu la mtu aliyetua mzigo. "Mwalimu, mbona hakuna tatizo? Wote wanasema hawajaona mtu."

Nikataka kumweleza, lakini Fatina akawahi. Alimnong'oneza jirani yake, kwa ule mnong'ono wa watoto unaosikika mpaka barabarani. "Mbona anatuuliza sisi, na Sijaona mwenyewe kasimama nyuma yake?"

Nilimwona kijana akigeuka. Mtu wa mitambo, mwenye elimu yake, aligeuka haraka na akarudi nyuma hatua moja kumpisha. Na mimi pale mlangoni, nikuambie ukweli, nilitazama chini kuona kamba ya buluu.

Tulitoka barazani. Eliakunda akaweka sanduku chini na kujifuta shingo.

"Ulisema chini ya taa nyeupe," akasema.

"Nilisema."

"Itabidi niwafue."

Neno hilo walimu wote tunalijua. Darasa likiingiwa na jambo la uongo chini ya taa nyeupe, linafuliwa. Watoto wanalala juu ya mikeka kutwa moja, sanduku linafanya kazi yake, wanaamka safi. Nilishawaona waliofuliwa, Darasa la Tano la shule ya bondeni. Mwalimu wao aliwapa tarehe zisizo sahihi za vita fulani, akafuliwa na yeye kwa maneno na wao kwa sanduku. Tarehe zilitoka. Lakini kumbukumbu haikai peke yake kichwani, imeshonwa na zilizo jirani yake. Kuna mtoto pale aliyesahau kupiga mluzi. Kuna aliyekuwa akimpenda paka wao, na sasa anamtazama paka kama kiti. Doa linatoka na rangi ya nguo.

"Yule wa nyuma," nikasema, "sauti yake imeshonwa hapo hapo. Haongei na mwingine ila huyo. Ukimtoa Sijaona unamtoa na sauti."

"Najua, mwalimu. Nimeiona kwenye kipimo." Akatazama dirisha la darasa. "Na mimi nina binti. Sikiliza, kuna njia moja, sijui kama utaiweza. Uongo unaweza kugeuzwa hadithi hata kama umechelewa. Wasimulie upya chini ya taa ya njano, toka mwanzo wake mpaka mwisho, huyo Sijaona aage aondoke humo humo kwenye hadithi. Wakikubali, mkoleza utaweka alama kwamba alikuwa hadithi tangu mwanzo, na mimi sitakuwa na cha kufua. Nakupa mpaka saa sita. Lakini taa unaijua. Lazima waitikie wote."

"Wote," nikasema.

"Pamoja na yeye."

Akaelewa nilichokuwa nawaza, akainamisha uso. Nilikuwa nakwenda kumwomba mtoto aliyezikiwa mama yake na maji, kwa sauti aliyoipata juzi, akiri kwamba na rafiki yake hayupo. Nikikosa, anafuliwa, na sauti inakwenda. Nikipata, sauti inabaki, na neno lake la kwanza mbele ya wenzake litakuwa la kumkana aliyempenda. Nilirudi darasani nikiwa nimechukia mashine, nimemchukia kijana wa watu asiye na kosa, na zaidi ya wote nimejichukia mimi na mdomo wangu.

*

"Watoto, leo kuna hadithi."

Furaha! Hata madawati yalilia.

"Nitawasimulia hadithi ya Sijaona."

Furaha ikakatika katikati. Mbaruku akainua mkono. "Lakini mwalimu, Sijaona si hadithi. Si huyo hapo?"

"Wewe itikia tu, baba. Paukwa!"

"Pakawa!"

Hawakukubali, walizoea tu. Mtoto wetu ukimwambia paukwa hawezi kujizuia, ni kama chafya. Taa nyeupe. Nikamtazama Mwantumu. Alikuwa amekaa wima, mkono wake umefunika mkono usiokuwapo.

"Mwantumu, mwanangu. Nisikilize. Paukwa."

Akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama bila kusimamishwa. Na akasema, si kwa mnong'ono, akasema kwa sauti iliyofika mpaka ubaoni:

"Mwalimu, ukimalizia wewe, atakwenda peke yake."

Mbaruku aligeuka mdomo wazi.

"Kila mtu anakwenda peke yake, mama," nikasema. Nilisema upuuzi, ndilo lililonijia.

"Hapana. Mgeni akiondoka anasindikizwa." Akafumbata vidole kama anayeshika mkono wa mtu. "Mama alisema, nisindikize mara moja, nachukua mtandio. Nikasema nina usingizi. Akaenda peke yake."

Jamani. Nimefundisha watoto wengi, wengine sasa wana wajukuu. Sijawahi kulia mbele ya hata mmoja wao mpaka siku hiyo. Nilikaa kwenye ukingo wa meza, chaki mkononi, machozi yananitoka mbele ya darasa zima na sikuyafuta.

"Basi simulia wewe," nikasema.

Akaja mbele. Hakuja peke yake, ungemwona kabisa anamshika mtu mkono, anampitisha kati ya madawati. Akasimama chini ya mkoleza.

"Paukwa!"

"Pakawa!" darasa likalipuka.

Taa nyeupe. Watoto wakatazamana, wakatafuta nani hajaitikia, kisha wote wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimesahau. Anayesamehewa ni msimulizi tu, na msimulizi leo hakuwa mimi.

"Pakawa," nikasema.

Taa ikageuka njano, rangi ya embe bivu, na darasa zima likavuta pumzi.

"Hapo kale," akaanza Mwantumu, "palikuwa na mtoto hana mama. Na palikuwa na mwalimu, jina lake Mwalimu Semeni."

Dirishani nikamwona Eliakunda, alikuwa akitazama sanduku lake, akainua kichwa ghafla. Akagonga kioo. Akanionyesha taa ya njano, akaninyooshea kidole mimi, akapitisha mkono hewani: mkatize, mkatize. Alikuwa ameelewa na mimi nilikuwa nimeelewa. Kinachosimuliwa chini ya njano ni uongo mtamu. Chote.

Sauti ya Mwantumu ilikuwa inakwenda. Ilijikwaa, ikainuka. Alikuwa anatumia mikono, sijui alijifunzia wapi, labda kwangu. Niliweka kiganja changu mdomoni nikakibana.

Akasimulia kwamba yule mwalimu alimwonea huruma yule mtoto, akamtoa rafiki mdomoni mwake, kama kuku anavyotaga. Rafiki alikuwa mzuri, ila hana kwao. Akikaa sana anapata baridi, kwa kuwa hana ngozi. Siku ikafika wakaja watu wa kufua. Rafiki akasema, kwaherini, mimi nakwenda zangu. Na yule mtoto alitaka kumsindikiza, lakini rafiki akakataa, wewe bado mdogo, utapotea njia.

"Ndipo Mwalimu Semeni akavua viatu," akasema Mwantumu, na sasa alikuwa ananitazama mimi, macho makavu, yenye upendo mtupu. "Akasema, usiogope, nitakusindikiza mimi. Akamshika mkono. Wakaingia majini. Maji yakafika magotini, wakaenda. Yakafika kifuani, wakaenda. Hawakuachana. Huko mbele walimkuta mama mmoja amekaa peke yake na mtandio wake, wakamwambia, hodi. Akasema, karibuni, nilikuwa nawangoja. Wakawa watatu. Mpaka leo wako huko, hakuna aliye peke yake. Na mimi hadithi yangu nimeitua hapo, anayetaka aibebe."

Taa ikarudi nyeupe.

Watoto wakajinyoosha kama watu waliotoka usingizini. Fatina alikuwa wa kwanza kuniona. Aliniangalia kwa adabu, akamgusa jirani yake, wakasimama wote.

"Shikamoo," wakasema, kama wanavyomwamkia mgeni wa shule.

*

"Safi," akasema Eliakunda barazani, akifunga sanduku bila kuniangalia. "Hakuna cha kufua. Sijaona amefungwa vizuri kwenye hadithi, na sauti ya mwenzake imebaki." Kisha akasema, "Ungemkatiza, mwalimu."

"Wewe ungemkatiza?"

Akainama kukaza kifuniko kilichokwisha kukazwa. Alikuwa kijana mwema.

"Watakuzoea upya," akasema. "Watoto hawana kinyongo, watajua ni mwalimu mpya. Lakini wewe mwenyewe uwe mwangalifu. Mtu mzima hakolei kwa mara moja. Hadithi hiyo ikisimuliwa tena chini ya njano, usiwepo, usije nawe ukaamini kwamba Semeni ni hadithi. Au uwepo, ila usiitikie."

"Nisipoitikia taa haitageuka."

"Ndivyo," akasema Eliakunda. "Haitageuka."

Usiku huo niliandika jina langu pembezoni mwa kanga kwa kalamu ya wino, nikajiona mjinga, nikalala.

Asubuhi niliingia darasani na kusikia kelele. Kelele za kawaida, tamu, za ugomvi wa rula. Mbaruku alikuwa amempisha Mwantumu kwenye dawati lake na wanagombania chungwa, na Mwantumu, Mwantumu wangu, alikuwa anamfokea. "Umekata kubwa yako! Rudisha! We Mbaruku, mlafi kama nini!" Nilisimama pale mlangoni nikinywa kelele ile. Ndicho nilichokitaka. Mungu ni shahidi, sikutaka kingine.

Waliponiona wakasimama, wakaniamkia, wakakaa. Dawati la nyuma lilikuwa tupu pande zote mbili.

"Mwalimu mpya," akasema Fatina, "tukuite nani?"

Nilitaka kwanza kuhakikisha, kama unavyogusa jino linalouma. "Mwantumu, hapa shuleni umewahi kuona mwalimu anaitwa Semeni?"

"Sijaona," akasema.

Akacheka, mdomo wazi, haukuzibwa. "Huyo ni wa kwenye hadithi yangu! Mwalimu, wewe hujaisikia? Mgeni lazima asimuliwe. Nimsimulie, jamani?"

"Msimulie!"

Akawa ameshafika mbele, chini ya mkoleza, mikono juu. Nilipaswa kutoka. Mlango ulikuwa karibu.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Taa ikabaki nyeupe.

Akarudia. Wakaitikia tena. Nyeupe. Vichwa vya Darasa la Nne vikageuka polepole, kimoja baada ya kingine, kumtazama ambaye hakuitikia. Mwantumu naye aliniangalia, na nikaona uso wake unaanza kufifia, mikono inashuka. Hakuna mtoto pale aliyejua kuliko yeye maana ya taa inayokataa kugeuka.

"Mwalimu," akasema, na ile sauti ilikuwa imerudi kuwa mnong'ono, "ukinyamaza, haigeuki."

"Pakawa," nikasema.

Taa ikageuka njano. Mwantumu akainua mikono. Nami nikaenda nyuma, kwenye lile dawati tupu, nikakaa upande mmoja, nikaacha nafasi.